Nani Anakushikia Kamba?

Mikindani, 4 Agosti 2024

Kwa mtani wangu Faraji,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako tangu uhamie Kilambo, kule mpakani, kwa mama yako imekuwa ya Msumbiji. Kila nikikupigia, mwanamke mmoja ananijibu Kireno na salio linakwisha. Barua hii ataileta Yusufu wa bodaboda, na jibu mpe yeye huyohuyo. Ila usimpe maneno ya mdomo, maana hadi afike mjini huwa amekwisha kuyageuza.

Vipi nyonga? Nasikia sasa unatembea kwa fimbo moja badala ya mbili. Nimefurahi, ingawa nyinyi Wayao hata mkiwa na miguu mizima mnatembea kama watu wanaokwenda kudaiwa.

Nimerudi Namponda. Najua hupendi kulisikia hilo jabali, lakini sina mwingine wa kumwambia. Tangu uanguke Aprili ya mwaka jana napanda na kuishia palepale chini ya ule ufa mwembamba. Tulilianza wawili, na wewe peke yako ndiye uliyepita ufa ukashika kitu kule juu kabla msumari wa kupitishia kamba haujang'oka. Nilikuwa chini na kamba mikononi, nikaona mkono wako unapotea kwenye kivuli. Nataka kujua ulishika nini. Ni kulia au kushoto?

Mazoezi sijayaacha. Kila alfajiri nikimaliza swala naning'inia kwenye boriti ya ukumbi wa nyuma kwa vidole vinne, kisha vitatu, mpaka mama atoke kulalamika kwamba nitamwangushia nyumba ya marehemu baba yake. Vidole vimekuwa msasa. Wiki iliyopita nilikuwa nashona gauni la bibi harusi, nikapitisha kiganja juu ya satini nikaikwaruza yote, ikabidi nikate kitambaa kingine. Mwenyewe alilia kama mtu aliyefiwa.

Shangazi aliniuliza mbele ya wageni kama huko juu ya mwamba kuna waume. Nilimjibu hakuna, ndiyo maana napanda. Wageni walicheka, yeye hakucheka. Ukweli wenyewe sikumwambia. Nikiwa chini nawaza nguo za watu, umeme, mama, maneno ya majirani. Nikiwa pale nawaza jambo moja tu, kidole hiki kitakaa au hakitakaa. Utulivu ule nimeutafuta hata kwenye mkeka wa swala, Mungu anisamehe, sijaupata.

Nijibu upesi.

Wako katika utani,
Mastura binti Chande


Kilambo, 19 Agosti 2024

Kwa Mastura, mjukuu wa wala panya,

Waalaykum salaam. Barua imefika ikiwa na alama ya grisi ya Yusufu, nikajua ameisoma.

Mimi mzima wa kukaa. Huu ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho. Mashine inabebwa mgongoni na mimi mgongo na nyonga havitaki mzigo, kwa hiyo mama yangu ndiye anayepuliza. Mimi nakaa juu ya ndoo nimefunga leso puani, namwelekeza kwa fimbo mti upi umebaki. Mwanamume wa miaka thelathini na moja. Wapita njia wanasalimia, wengine wanadhani mimi ndiye tajiri wa shamba.

Unaniuliza nilishika nini. Nilishika kanzu ya malaika, akanisukuma akasema Myao hana zamu leo. Andika hivyo.

Mtani, nitakwambia kitu kimoja halafu tuendelee kutukanana. Siku ya sita baada ya kulazwa ulikuja hospitali na machungwa. Ulinimenyea moja. Nikaona kwenye kucha zako kuna ule unga mweupe wa kukaushia mikono. Nyonga yangu ilikuwa imevunjika vipande, na wewe ulikuwa umetoka kupanda. Nililila lile chungwa lote. Lilikuwa tamu, nalo likanikaa kooni mpaka leo.

Halafu nani anakushikia kamba? Hilo ndilo swali. Kupanda kila mjinga anaweza. Kukaa chini shingo imekunjwa, usipepese jicho, umpe mwenzako kamba anapoitaka na umfungie anapoteleza, hiyo ndiyo kazi. Usiniambie umewachukua wale vijana wa pwani wanaoshika kamba huku wanatazama simu.

Msalimie dada yangu Nuru hapo Magomeni ya Mtwara. Mwambie kukaanga samaki kusimfanye asahau kwamba ana kaka.

Faraji


Mikindani, 2 Septemba 2024

Kwa Faraji, tajiri wa kwenye ndoo,

Unga ulikuwepo. Siku ile nilipanda asubuhi nikaja kwako adhuhuri. Siombi radhi. Ningekaa wiki nyingine bila kupanda, nisingepanda tena maisha yangu, maana kila nikifumba macho nilikuwa naona unavyodondoka. Nilirudi ili hofu isinizoee. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nilipokuwa nalia kwenye mwamba mdogo kule Masasi, ukasema hofu ukiilaza chumbani kwako kesho itadai kitanda. Umesahau maneno yako?

Lakini chungwa lingekuwa kooni mwangu kama ningekuwa mimi. Hilo nakubali.

Nuru mzima, samaki wake wanaisha kabla ya magharibi, anakusalimu sana. Na mshika kamba nimempata, usiwe na shaka. Miguu imara, macho makali, hajawahi kuniachia hata shibiri moja. Jina lake utalijua siku nitakayofika juu. Ameniomba nisimtaje na mimi nimeahidi.

Misumari yote ya zamani nimeing'oa. Ile tuliyofuliwa kwa vyuma chakavu ilikuwa imeliwa na chumvi mpaka ndani, nyingine niliitoa kwa mkono. Joyce, yule tuliyejifunza naye kupanda, ameniletea ya chuma cha pua kutoka Dar es Salaam, nimetoboa mwamba na kuipachika mwenyewe. Sasa ninachosubiri ni bamvua ya Oktoba. Unajua maji yakipwa sana ndipo mtu anapata pa kusimama chini ya jabali. Ikipita hiyo, kaskazi itaanza, mawimbi yatapiga pale chini hadi mwaka kesho. Mwaka kesho nitakuwa na miaka ishirini na tisa na mama amekwisha kunitafutia mtu wa Lindi mwenye duka. Nisipopanda sasa sipandi tena.

Kulia au kushoto, Faraji? Acha malaika wako.

Mastura


Kilambo, 25 Septemba 2024

Kwa Mastura,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka bamvua ikupite.

Mama ameniambia huo ni uchawi, kumnyima mtu anachokitafuta ili afanane na wewe. Basi nakupa.

Ukimaliza ufa, mkono wa kulia utakuta tundu la vidole viwili, lina chumvi, lipanguse kabla ya kujivuta. Kutoka hapo utaona juu kushoto jiwe limejitokeza, ukubwa wa kreti la soda, lina ukingo mzuri wa kushika mikono yote miwili. Kila kitu mwilini kitakuambia lishike. Usiliguse. Jiwe lile limekufa. Nyuma yake umepita mzizi wa mtini na umelitenga na mwamba. Nililishika likanijia kwa upana wa kidole. Nikaliachia kwa woga, ndipo nikaanguka, na msumari uling'oka baadaye kwa uzito wangu. Watu wote walilaumu msumari. Mimi nikaona afadhali lawama iende kwa chuma.

Pita kulia. Ni pagumu, utakwenda kwa kucha, lakini mwamba ni mzima. Kama huwezi, shuka. Hili si utani, Mastura.

Na bado hujaniambia nani anakushikia kamba. Huyo naye asisimame chini ya jiwe lile.

Ingawa kwa nini nasumbuka? Wamakua hamkuumbiwa kupanda. Panya wenu wote wako chini.

Faraji


Mikindani, 6 Oktoba 2024

Kwa mtani,

Nimecheka mpaka mama akaja kuuliza.

Faraji, mimi na wewe hatukuanza jana. Msiba wa babu yangu, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka, baba yako mdogo alisimama uani kwa uso wa huzuni akasema jamani, wali huu umeangukiwa na mjusi, msile, hili si utani. Ukoo wetu mzima ukaacha masinia. Dakika chache nyinyi Wayao mmekaa mduara mnakula na kulamba vidole, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya watani. Mtani akikuambia chakula kina sumu, ujue anataka kula peke yake. Nimelelewa hivyo.

Kwa hiyo njia ngumu ya kulia niende kwa kucha, na jiwe lenye ukingo wa mikono miwili nisiliguse. Na mzizi wa mtini! Umetunga vizuri. Nimelitazama jana kwa darubini ya kuazima, sikuona mzizi, niliona ukingo, mzuri kama ulivyousifia.

Nitakwambia ninachokiona mimi. Umeandika mwenyewe kwamba ulitaka bamvua inipite. Mguu wako umekufa na unataka na mikono yangu ife. Sikulaumu, pengine hata mimi ningekuwa hivyo. Lakini usikivalishe kijicho chako kanzu ya nasaha.

Nikifika juu nitakuandikia.

Mastura


Mikindani, 20 Oktoba 2024

FARAJI! NIMEFIKA!

Jana, Jumamosi, saa nne na kitu za asubuhi, maji yamepwa mpaka majani ya bahari yamelala. Ufa niliupita bila kusimama. Tundu la vidole viwili lipo, nililipangusa kama ulivyosema. Kisha nikaruka kushoto nikalishika jiwe lako kwa mikono yote. Likanibeba. Nikapandisha mguu juu yake, nikasukuma, na pale ndipo lilipotoka. Nakupa haki yako, kweli lilikuwa limekufa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulipita, mikono yangu iko kwenye mwamba mzima, mguu ukabaki hewani tu. Hatua tatu za mwisho sizikumbuki. Nilizipanda kwa mwili, kichwa hakikuwepo.

Unajua kule juu kuna nini? Shamba la muhogo la mtu, na mbuzi wawili wamefungwa. Miaka yote ile tulikuwa tunawaza mnara au sijui nini! Nilijilaza kwenye matuta ya muhogo nikalia. Mbuzi waliendelea kula. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na sidhani kama nitaipata tena.

Mshika kamba aliumia kidogo begani, jiwe lilimpitia. Wamempeleka hospitali, anaendelea vizuri.

Nipongeze, ewe mwenye kijicho.

Mastura


Kilambo, 27 Oktoba 2024

Kwa Mastura, mwenye Namponda,

Hongera. Naandika neno hili bila kijicho. Niliposoma habari ya mbuzi nilicheka peke yangu katikati ya korosho, mama akadhani nimepandwa na kitu. Tuko kwenye mavuno sasa, nimekaa chini natenganisha korosho na mabibo yake, kazi ninayoiweza.

Nilikuwa na uchungu nawe, sitaki kuficha. Sasa naona umepungua. Ulichokifanya hakuna aliyekifanya, na mimi nilikupa tundu la kulia, kwa hiyo vidole viwili vya ushindi huo ni vyangu.

Mpe pole mshika kamba wako. Mwambie bega ni kodi ya kuishi karibu na Wamakua, ashukuru halikuwa kichwa. Na wewe usijisumbue sana. Anayepanda hatazami chini. Ukitazama chini mnaanguka wawili.

Wako katika utani, na safari hii kwa mapenzi,
Faraji


Magomeni, Mtwara, 29 Oktoba 2024

Kaka Faraji,

Shikamoo. Anayeandika ni Sharifa, jirani yangu, kwa maneno ninayomtajia, kwa sababu mkono wangu wa kulia hauwezi. Mwambie mama polepole, usimsomee yote.

Mshika kamba wa Mastura ni mimi. Tangu Februari. Nilimwomba asikwambie kwa sababu ungenikataza. Ulipoanguka hukutaka tena kulisikia jabali, ukaondoka ukatuacha. Mimi nikataka kuona hicho kitu kilichokuchukua. Na nilipenda, kaka. Nilipenda kumtazama anavyopanda. Nilikuwa nafunga biashara mapema siku zake.

Jiwe nililiona linatoka. Nilikuwa nimefungwa kwenye mwamba kwa kamba ya kiunoni, sikuweza kwenda mbali, nikajitupa upande. Likanipiga bega. Nilisikia mfupa. Lakini kamba ya Mastura sikuiachia, niliibana kwa mkono wa kushoto na kiuno, kwa sababu uliwahi kusema mshika kamba akiachia amemuua mtu.

Nikamwita. Nikasema, "Mastura, nimeumia, shuka!" Akasema, "Shika, bado kidogo!" Nikamwita tena kwa nguvu zangu zote. Akasema, "Acha utani, Nuru!"

Halafu nikaona miguu yake inapotea juu. Nikamsikia anapiga vigelegele.

Ile kamba iliyonifunga kwenye mwamba ilikuwa imekaza, fundo liko kiunoni, mkono mmoja hauwezi kulifungua. Maji yakaanza kurudi. Unajua bamvua maji yanavyorudi pale, hayatembei, yanakimbia. Yalinifika magotini, yakanifika mapajani. Walioniokoa ni wanawake waliokuwa wanachokoa pweza. Walisikia kilio wakaja mbio, mmoja akakata kamba kwa kisu cha samaki. Mastura alipozunguka kwa njia ya shambani na kufika, nilikuwa nimekwisha bebwa.

Daktari anasema bega limesagika. Mkono utakunja kiwiko lakini hautapanda juu. Karai la mafuta siwezi kuliinua. Nimewauzia watu jiko na karai.

Mastura anakuja kila siku, anaosha vyombo, ananipikia uji. Anasema alidhani natania, kwa sababu sisi ni watani na huwa tunataniana hata pale jabalini. Labda ni kweli. Ila mtu anayetania halii vile, kaka.

Usije kugombana. Nimekuandikia ili ujue tu.

Dada yako,
Nuru


Kilambo, 4 Novemba 2024

Kwa Mastura binti Chande,

Barua ya Nuru nimeipata. Zile pongezi za barua yangu iliyopita naomba uzichome. Na yale maneno ya bega kuwa kodi, usimwambie ni mimi niliyeyaandika, ingawa naona nitamwambia mwenyewe.

Nilikuuliza mara mbili nani anakushikia kamba. Mara mbili, kwa mkono wangu. Ukanijibu Nuru mzima, anakusalimu, na mstari uliofuata ukanisifia macho ya mshika kamba. Ulikuwa unacheka ulipoandika? Ningejua ni yeye, ningepanda nyuma ya pikipiki ya Yusufu na nyonga hii hii, nikaja kulala chini ya jabali ili usipande.

Nilikuambia jiwe limekufa, ukasema kijicho. Hilo nakusamehe, maana maisha yangu yote sijakwambia neno bila kulitia utani mkiani, na hata siku ile nilishindwa kujizuia. Lakini Nuru hakuandika barua. Nuru alilia. Kilio unakijua, ulikisikia kwangu mwaka jana.

Kwa mila yetu mtani hakasiriki. Ukimtukana mamake anacheka, ukichukua kuku wake anacheka, na akikasirika anatozwa faini mbele ya wazee. Basi mimi nimekasirika. Nimekasirika mpaka silali, na sitaki kuomba suluhu. Faini nalipa bila kudaiwa: jogoo mwekundu, Yusufu amemfunga nyuma ya pikipiki, ndiye huyo anayekuletea barua. Mpokee, mchinje, mle na mama yako. Ukishamla mimi na wewe hatutaniani tena. Tukikutana tutasalimiana kama wageni.

Faraji bin Hashimu


Mikindani, 1 Desemba 2024

Kwa Faraji bin Hashimu,

Assalaam alaykum. Sitarefusha.

Jogoo nilimpeleka kwa Nuru. Nilifikiri supu ingemfaa. Alimtazama akaniuliza ametoka wapi, nikamweleza. Akasema, "Faini ya kaka yangu siwezi kula, na wewe kuanzia leo usije kuosha vyombo." Alisema kwa upole. Nilitamani angenipiga. Jogoo nikampa yule mama aliyekata kamba.

Watu wote wananiuliza kama nilidhani Nuru anatania. Kwa mama nimesema ndiyo. Kwa Nuru nimesema ndiyo, kila siku, huku naosha vyombo vyake. Wewe hukuuliza, kwa hiyo wewe nitakujibu. Zilikuwa zimebaki hatua tatu na sikutaka kujua. Nilipata neno utani mdomoni, likanifaa, nikalitumia.

Ule utulivu niliokueleza siku ya kwanza, wa kuwaza jambo moja tu, ndio huo. Nilidhani ni ibada. Kumbe mle ndani hapaingii mtu mwingine, hata anayekushikia uhai wako.

Yule mtu wa Lindi ameghairi. Sijalia.

Bado naning'inia kwenye boriti alfajiri, sijui kwa nini, mikono inaamka yenyewe. Namponda kumechafuka kwa kaskazi. Nimewaomba vijana wa pwani wanishikie kamba kwenye mwamba mdogo wa ndani. Wamesikia habari. Mmoja alisema ana kazi, wengine hawakusumbuka hata kudanganya. Joyce naye hajibu.

Kwa hiyo napanda bila kamba, hadi pale ambapo mtu anaweza kuruka asivunjike, kisha nashuka. Nimepima. Ni kimo cha mlango wa nyumba. Kuanzia hapo kwenda juu sina mtu.

Mastura